Kuwapa Watumiaji Mafaili ya Kupakua Kutoka Kwenye Programu ya Wavuti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wasanidi programu wa Arusha na Moshi wanaojenga mifumo ya kampuni za utalii, hoteli, shule, SACCOS na vyama vya msingi vya ushirika wa kahawa. Mifumo hiyo yote hufikia hatua ambapo mteja anaomba kitufe cha "Pakua", iwe ni ratiba ya safari, risiti, taarifa ya malipo ya mkulima au picha za wageni waliopanda mlima. Majibu yaliyomo humu yanasimama juu ya msimamo mmoja, kwamba anayepakua faili kwa simu analipia kila baiti kutoka kwenye bando lake, na kwa hiyo faili linalokatika katikati na kuanza upya ni hasara ya fedha kwa mtu huyo, hata kama kwenye seva linaonekana kuwa tukio dogo.

Je, haitoshi kuliweka faili kwenye folda ya umma ya seva na kutoa kiungo chake?

Inatosha kwa faili ambalo ungekuwa radhi kulibandika kwenye ubao wa matangazo wa stendi. Brosha ya safari, orodha ya bei na fomu tupu ya kujiunga na SACCOS yakae kwenye folda ya umma, na seva ya wavuti iyatoe yenyewe bila kuisumbua programu. Faili lenye taarifa za mtu halipaswi kukaa hapo, hata kama jina lake ni refu na gumu kukisia, kwa sababu kiungo kikishatumwa kwenye kundi la WhatsApp hakirudi tena mikononi mwako.

Kivinjari hujuaje kwamba faili linapaswa kupakuliwa badala ya kufunguliwa?

Hujua kwa kusoma vichwa vya jibu la HTTP, yaani mistari ya maelezo ambayo seva huitanguliza mbele ya faili lenyewe. Kichwa cha Content-Disposition kikiwa na neno attachment, kivinjari hulihifadhi faili. Kikiwa na neno inline, hujaribu kulionyesha. Kichwa cha Content-Type hueleza aina ya faili, kwa mfano application/pdf au text/csv, na pale ambapo aina haijulikani hutumika application/octet-stream. Ongeza kila mara X-Content-Type-Options: nosniff, ili kivinjari kisijiamulie chenyewe kwamba faili lililopakiwa na mtumiaji ni ukurasa wa HTML na kuanza kutekeleza msimbo uliofichwa ndani yake. Kwa mafaili yaliyoletwa na watumiaji, attachment iwe ndiyo kanuni, na inline itolewe kwa aina chache ulizozichagua mwenyewe.

Kwa nini faili linaloitwa "Ziara ya Ng'iresi.pdf" humfikia mtumiaji likiwa na jina lililoharibika?

Tatizo hili linatuhusu sisi zaidi kuliko wasanidi wa nchi nyingine, kwa kuwa alama ya ritifaa imo katika majina yetu mengi ya watu na vijiji. Jina la faili linaweza kuandikwa kwa njia mbili ndani ya Content-Disposition. Njia ya kwanza ni filename, ambayo ni salama kwa herufi za ASCII pekee, yaani herufi za Kiingereza, tarakimu na alama za msingi. Njia ya pili ni filename*, iliyofafanuliwa katika waraka wa viwango vya intaneti uitwao RFC 6266 wa mwaka 2011, ambayo hutaja kwanza usimbaji wa herufi, kisha ritifaa mbili, kisha jina lenyewe likiwa limegeuzwa kwa alama za asilimia.

Kwa kuwa ritifaa ndiyo inayotenganisha sehemu hizo, ritifaa iliyomo ndani ya jina lazima igeuzwe kuwa %27. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu kitendakazi cha JavaScript kinachoitwa encodeURIComponent hakiigeuzi ritifaa, na inakubidi uiongeze hatua hiyo mwenyewe. Kuna jambo jingine lililojificha: simu nyingi huandika ritifaa iliyopinda badala ya ile iliyonyooka, na hiyo iliyopinda si herufi ya ASCII, bali katika UTF-8 ni baiti tatu zinazoandikwa %E2%80%99. Kichwa kilicho sahihi kinafanana na hiki:

Content-Disposition: attachment; filename="Ziara ya Ngiresi.pdf"; filename*=UTF-8''Ziara%20ya%20Ng%27iresi.pdf

Kivinjari cha kisasa kitachukua jina la pili, na programu ya zamani itachukua la kwanza, ambalo tumeliondolea ritifaa kwa makusudi. Ikiwa jina linatokana na kitu alichokiandika mtumiaji, ondoa alama za kuvunja mstari, alama za kunukuu na mikwaju kabla ya kuliweka kwenye kichwa. Windows haikubali alama \ / : * ? " < > | ndani ya jina la faili, kwa hiyo tarehe iandikwe 2025-03-14 na si kwa mikwaju. Mpangilio huo una faida nyingine, kwa kuwa mafaili hujipanga yenyewe kwa tarehe kwenye folda ya mhasibu.

Kwa nini mfumo huzidiwa pale watu wachache wanapopakua mafaili makubwa kwa wakati mmoja?

Mara nyingi ni kwa sababu programu inalisoma faili zima na kuliweka kwenye kumbukumbu ya seva kabla ya kutuma hata baiti moja. Video ya MB 200 ikiombwa na watu kumi kwa pamoja itahitaji takribani GB 2 za kumbukumbu, ilhali kikomo cha kawaida cha PHP, kiitwacho memory_limit, ni MB 128, na seva ya kukodi ya bei nafuu huenda isiwe hata na GB hizo mbili kwa kazi zote. Tiba ya kwanza ni kulituma faili kwa vipande vidogo, kila kipande kikitumwa na kuachiliwa kabla ya kingine kusomwa.

Tiba iliyo bora zaidi ni kuiondolea programu kazi ya kubeba. Katika msafara wa Kilimanjaro kiongozi huamua nani apande na kwa njia ipi, na mizigo huchukuliwa na wapagazi. Vivyo hivyo programu ihakiki ruhusa, kisha iiachie seva ya wavuti kazi ya kusafirisha. Kwenye nginx jambo hili hufanywa kwa kichwa cha X-Accel-Redirect, na kwenye Apache kwa X-Sendfile baada ya kuongeza moduli yake. Mpangilio wa nginx ni mfupi:

location /ghala/ {
    internal;
    alias /srv/mafaili/;
}

Neno internal ndilo linaloifunga njia hiyo isiweze kuombwa moja kwa moja kutoka nje. Programu ikisharidhika kwamba mtumiaji anastahili, hurudisha jibu lisilo na kiwiliwili lenye kichwa X-Accel-Redirect: /ghala/2025/ripoti.pdf, na nginx hulichukua faili kutoka kwenye diski na kulituma. Mchakato wa PHP au Python huwa huru mara moja, badala ya kufungwa kwa dakika kadhaa ukimsubiri mtu mwenye mtandao wa polepole.

Mtandao ukikatika katikati, je, mtumiaji anaweza kuendelea pale alipoishia?

Anaweza, mradi wewe umemruhusu, na kwa maoni yangu hili ndilo jambo linalostahili kushughulikiwa mapema kuliko mengine yote katika orodha hii. Faili la MB 40 kwenye mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde huchukua kama sekunde 160 katika hali nzuri, na hizo ni nyingi kwa mtu aliyemo kwenye basi kati ya Moshi na Arusha, ambapo simu hubadilisha mnara mara kwa mara.

HTTP ina utaratibu wa kuomba sehemu ya faili. Seva hutangaza Accept-Ranges: bytes. Tuseme faili ni la baiti 60,000,000 na muunganisho umekatika baada ya baiti 41,000,000: kivinjari huomba upya kwa kichwa Range: bytes=41000000- na seva hujibu kwa namba 206, ikiambatanisha Content-Range: bytes 41000000-59999999/60000000. Mtumiaji hulipia baiti milioni 19 zilizobaki badala ya kulipia zote upya. Ili sehemu mbili za mafaili tofauti zisiunganishwe kimakosa, kivinjari hutuma pia kichwa cha If-Range chenye ETag ya faili la mwanzo, yaani alama inayotambulisha toleo lake, na iwapo faili limebadilika, seva hutuma lote kwa namba 200.

Yapo mambo manne yanayoiua huduma hii bila msanidi kutambua. La kwanza ni kulitoa faili kupitia msimbo usiojua Range: Django ya Python kupitia FileResponse haishughulikii Range, na Laravel ya PHP huishughulikia kwenye response()->download() lakini si kwenye streamDownload(). Ukitumia X-Accel-Redirect, nginx inakufanyia yote. La pili ni kubana majibu kwa gzip papo kwa papo, kwani nginx ikibana huondoa Accept-Ranges. PDF, JPEG, MP4 na ZIP tayari zimebanwa, kwa hiyo ziache kama zilivyo. La tatu ni kutoa faili kwa ombi la POST, ambalo kivinjari hakiwezi kulirudia kwa usalama, tumia GET. La nne ni kuitengeneza ripoti upya kila inapoombwa, jambo ambalo tutalirudia hapa chini.

Usisahau Content-Length, kichwa kinachotaja ukubwa wa faili. Bila kichwa hicho mtumiaji haoni asilimia wala muda uliobaki, na hawezi kuamua kama bando lake litatosha. Ni vizuri pia ukubwa ukaandikwa kando ya kitufe: "Pakua (PDF, MB 3.2)".

Nitahakikishaje kwamba mtu hapakui faili la mwenzake?

Kwa kuuliza swali la ruhusa kila faili linapoombwa, na si kwenye ukurasa wenye kitufe pekee. Kosa la kawaida ni mfumo wenye anwani kama /risiti/1042, ambao unahakiki kuwa mtumiaji ameingia lakini hauhakiki kuwa risiti namba 1042 ni yake. Mtu akibadilisha namba kuwa 1043 anapata ya jirani. Swali linalotumwa kwenye hifadhidata litafute risiti kwa namba yake pamoja na namba ya mwenye akaunti. Isipopatikana, jibu liwe 404, kwa kuwa 403 humjulisha mdadisi kwamba risiti hiyo ipo. Kutumia UUID, yaani utambulisho mrefu usiofuatana, badala ya namba zinazofuatana hupunguza ukisiaji, lakini hakuchukui nafasi ya uhakiki wa ruhusa.

Kwa Arusha jambo hili si la nadharia, kwa kuwa kampuni za utalii hukusanya nakala za pasi za kusafiria na taarifa za afya za wageni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na inayosimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inamwajibisha anayekusanya taarifa hizo, na ina masharti kuhusu kuzisafirisha nje ya nchi. Kabla ya kuweka nakala za pasi kwenye hifadhi iliyoko Ulaya, mshauri mteja apate ushauri wa kisheria. Kwenye majibu yenye taarifa za aina hii weka pia Cache-Control: private, no-store, ili nakala zisibaki kwenye seva za kati wala kwenye kashe ya kompyuta ya intaneti kafe.

Je, ninaweza kupokea jina la faili kutoka kwenye anwani na kulifungua moja kwa moja?

Usifanye hivyo. Anwani kama /pakua?faili=ratiba.pdf inamruhusu mtu kuandika ../../ na kupanda hadi nje ya folda uliyokusudia, akafika kwenye faili la .env lenye nywila za hifadhidata. Pokea namba ya utambulisho tu, kisha itafute njia halisi ya faili kwenye hifadhidata. Ikikulazimu kupokea jina, ikokotoe njia kamili iliyokwishanyooshwa na uhakikishe inaanza na folda yako kabla ya kuifungua.

Tunahifadhi mafaili kwenye Amazon S3 au hifadhi inayofanana nayo. Je, viungo vyenye saini vinafaa?

Vinafaa sana, kwa kuwa faili hutoka kwenye hifadhi moja kwa moja na seva yako haibebi chochote. Programu huhakiki ruhusa, hutengeneza kiungo chenye saini na muda wa kuisha, kisha humwelekeza mtumiaji huko. Kwa saini ya toleo la 4 muda wa juu kabisa ni siku 7, na hakuna sababu ya kuufikia kwa faili la siri, maana mwenye kiungo ndiye mwenye faili hadi muda uishe.

Muda mfupi kupita kiasi nao una madhara. S3 huangalia muda wakati ombi linapoanza, kwa hiyo upakuaji uliokwishaanza huendelea hata muda ukipita. Lakini muunganisho ukikatika na kivinjari kikaomba sehemu iliyobaki baada ya kiungo kuisha, hujibiwa 403, na MB zote zilizokwishalipiwa hupotea. Kwa risiti ndogo dakika tano zinatosha. Kwa video au albamu ya picha ningeweka saa moja au mbili.

Ripoti ya mwaka huchukua dakika kadhaa kuandaliwa na kivinjari huchoka kusubiri. Tufanyeje?

Nginx inayosimama mbele ya programu husubiri sekunde 60 tu kati ya usomaji mmoja na mwingine, isipokuwa umebadilisha proxy_read_timeout, na kuongeza namba hiyo ni kuahirisha tatizo. Tenganisha kuandaa na kupakua. Mtumiaji akibonyeza, weka kazi kwenye foleni, jibu kwa namba 202 na umwambie ripoti inaandaliwa. Ikiwa tayari, iandikwe kwenye diski kama faili la kawaida, na mtumiaji apewe taarifa kwa SMS au ndani ya mfumo. Faili lililokwishaandikwa lina ukubwa unaojulikana na ETag isiyobadilika, kwa hiyo linaweza kupakuliwa kwa vipande, na mhasibu wa chama cha ushirika anayelihitaji mara tatu haisumbui hifadhidata mara tatu. Weka pia kazi ya kila usiku inayofuta ripoti zilizopitwa na wakati, kwani diski iliyojaa husimamisha mfumo mzima.

Faili la CSV linaonekana vizuri kwangu, lakini kwenye Excel ya mteja limeharibika. Kwa nini?

Kuna mambo matatu, na kila moja lina tiba yake. Herufi zisizo za ASCII huharibika kwa sababu Excel ya Windows mara nyingi haitambui UTF-8 isipowekewa alama ya baiti EF BB BF mwanzoni mwa faili, iweke. Namba za simu zinazoanza na 07 hupoteza sifuri yake, na zile za +255 hupoteza alama ya kujumlisha, kwa kuwa Excel huzichukulia kuwa tarakimu za hesabu. Mwisho, seli inayoanza na =, +, - au @ inaweza kutekelezwa kama fomula, na mtu mwenye nia mbaya aliyejisajili kwa jina linaloanza na = anaweza kuitumia kompyuta ya mhasibu wako. CSV haina namna ya kusema "hili ni neno, si namba". Kwa orodha zenye namba za simu toa XLSX na uziandike safu hizo, pamoja na zile zenye maneno yaliyoandikwa na watumiaji, kama maandishi. Matatizo yote matatu huondoka kwa pamoja.

Faili limepakuliwa, lakini halifunguki. Nianzie wapi?

Lifungue kwa kihariri cha maandishi na usome mwanzo wake. PDF halisi huanza na %PDF, na mafaili ya ZIP, XLSX na DOCX huanza na herufi PK. Ukikuta <!DOCTYPE html>, mtumiaji amepakua ukurasa wa kuingia au wa kosa ukiwa umevikwa jina la PDF, pengine kwa sababu muda wake wa kubaki ameingia kwenye mfumo uliisha. Ukikuta nafasi au mstari mtupu kabla ya %PDF au PK, kwenye PHP tafuta faili la msimbo lenye nafasi kabla ya <?php. Mwanzo ukiwa sahihi, linganisha ukubwa na ule wa seva, kisha linganisha SHA-256, yaani namba inayokokotolewa kutokana na maudhui ya faili, za nakala zote mbili.

Je, ni vyema kupakua kwa fetch ya JavaScript na Blob, yaani msimbo wa ukurasa ulichukue faili wenyewe?

Kwa faili dogo linalohitaji tokeni kwenye kichwa cha ombi, sawa. Kwa faili kubwa hapana: faili zima hukusanywa na ukurasa kwanza, kidhibiti cha upakuaji cha simu hakihusiki, na mtandao ukikatika hakuna kuendelea. Kiungo cha kawaida ni bora. Fahamu pia kwamba sifa ya download kwenye kiungo cha HTML hufanya kazi kwa mafaili ya tovuti ileile tu. Faili likitoka kwenye tovuti nyingine, Content-Disposition ya seva hiyo ndiyo inayoamua. Na kama mteja wako ana programu ya Android inayoonyesha tovuti ndani ya WebView, upakuaji hautaanza kabisa hadi msanidi wake aweke DownloadListener.

Picha zote za msafara tuzitoe kama ZIP moja?

Zitoe kwa siku au kwa kambi. Flashi nyingi bado ziko kwenye muundo wa FAT32, ambao haupokei faili la kufikia GB 4.

Ninaweza kujua kama mtumiaji amelimaliza faili?

Logi za seva huonyesha baiti zilizotumwa, na si zilizohifadhiwa kwenye simu. Kama mkataba unahitaji uthibitisho wa kupokea, mtumiaji abonyeze kitufe cha kukiri kuwa amepokea. Usifute faili mara tu baada ya kutumwa kwa mara ya kwanza.

Seva iwe Tanzania au nje?

Watumiaji wako wakiwa Kaskazini na mafaili ni mengi, seva ya ndani hupunguza muda wa kila safari ya ombi. Mnamo Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM, zote zikitua Dar es Salaam, zilipokatika baharini, mtandao wa kwenda nje uliathirika sana nchini. Wageni wanaopakua picha zao wakiwa Ujerumani au Marekani wana mahitaji tofauti, na mafaili yao yanaweza kukaa karibu nao.

Nijaribuje haya yote kabla ya kumkabidhi mteja?

Tumia curl, programu ya mstari wa amri: curl -I kuona vichwa vya jibu, kisha curl -r 0-99 -o kipande.bin pamoja na anwani ya faili: ukipata baiti 100, vipande vinafanya kazi, ukipata faili zima, rudi kwenye swali la mtandao kukatika. Ingia kwa akaunti mbili na ujaribu kufungua kiungo cha akaunti moja ukiwa kwenye nyingine, kisha ukijaribu ukiwa umetoka kabisa. Pakua faili lenye jina la ng' kwenye Windows, Android na iPhone. Hatimaye chukua simu ya kawaida yenye bando la kawaida, anza kupakua faili kubwa, washa hali ya ndegeni ikifika nusu, izime baada ya dakika moja, na uangalie upakuaji unaanzia wapi.